Henry Chamberlain Russell, aliyeuchora upepo wa Sydney kwenye gazeti

Kila siku mnapofungua redio au televisheni mwishoni mwa taarifa ya habari mnasikia utabiri wa hali ya hewa. Tumezoea jambo hilo kiasi kwamba hatujiulizi lilianzaje. Katika makala yetu ya leo tutaangalia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halifahamiki sana kwetu Afrika Mashariki, lakini huko Australia anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa elimu hiyo. Huyo ni Henry Chamberlain Russell, mwanafalaki wa serikali ya New South Wales, aliyefanya kazi mjini Sydney kuanzia mwaka 1859 hadi mwaka 1905.

Russell alizaliwa tarehe 17 Machi mwaka 1836 katika mji wa West Maitland, kaskazini mwa Sydney, kwenye bonde la mto Hunter. Wakati huo Australia haikuwa nchi moja. Palikuwa na makoloni ya Uingereza yaliyotengana, kila moja na gavana wake na mambo yake. Maitland ni mji wa wakulima, na mto Hunter una sifa ya kufurika ghafla baada ya dhoruba za pwani. Kwa hiyo mtoto aliyekulia huko hakuhitaji kuambiwa kwamba mvua ni neema na pia ni balaa.

Baada ya masomo ya shule mjini kwao, Russell alikwenda katika Chuo Kikuu cha Sydney, kilichokuwa bado kichanga, akahitimu shahada yake mwaka 1859. Mwaka huo huo aliajiriwa katika kituo cha falaki cha Sydney, jengo la mawe lililokuwa limekamilika mwaka mmoja tu kabla yake, juu ya kilima kinachoitazama bandari. Kazi kubwa ya kituo hicho ilikuwa kuwapa mabaharia saa sahihi. Kila siku saa saba mchana mpira mkubwa uliokuwa juu ya mnara uliangushwa, na manahodha bandarini wakasawazisha saa zao kwa kuutazama.

Ili kuelewa kwa nini kazi yake ilikuwa na uzito, ni vyema tukumbushe misiba miwili. Usiku wa tarehe 20 Agosti mwaka 1857, Russell akiwa bado mwanafunzi, meli ya Dunbar iliyotoka Uingereza ilifika karibu na lango la bandari ya Sydney katikati ya dhoruba na mvua kubwa. Meli iligonga majabali ikavunjika vipande vipande. Watu 121 walikufa. Aliyeokoka ni mmoja tu, baharia kijana aitwaye James Johnson, ambaye mawimbi yalimtupa juu ya jiwe.

Miaka tisa baadaye, tarehe 12 Julai mwaka 1866, meli ya Cawarra iliyotoka Sydney ikielekea kaskazini ilikumbwa na tufani. Nahodha alijaribu kukimbilia bandari ya Newcastle, karibu na alikozaliwa Russell, lakini meli ikazama langoni mwa bandari hiyo. Watu 60 walipoteza maisha na mmoja tu akaokolewa. La ajabu ni kwamba miongoni mwa waliomtoa majini alikuwemo yule yule James Johnson wa Dunbar, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika mnara wa taa wa Newcastle.

Misiba hiyo iliwaumiza sana watu wa Sydney. Meli zilikuwa ndiyo njia yao ya kusafiri, kupata barua na kuuza sufu, na hakuna aliyeweza kumwambia nahodha asubuhi kwamba jioni upepo utabadilika.

Amma kuhusu kazi ya Russell, mwaka 1870 mkuu wa kituo, George Smalley, alifariki dunia, na Russell akateuliwa kushika nafasi yake akiwa na umri wa miaka 34. Aliishika nafasi hiyo kwa miaka 35. Alikuta vituo vya kupimia mvua na joto vikiwa vichache mno kwa koloni lenye ukubwa kama huo. Fedha hazikuwepo. Basi akaamua kufanya mambo mawili. La kwanza, alibuni na kutengeneza mwenyewe vyombo vya bei nafuu, vikiwemo vile vinavyojiandikia vyenyewe nguvu ya upepo, mgandamizo wa hewa na kiasi cha mvua. La pili, aliwaomba watu wa kawaida wamsaidie bila malipo.

Wakulima, wafugaji, walimu na wafanyakazi wa posta walikubali. Kila asubuhi walitazama chombo cha mvua, wakaandika kipimo, wakapeleka Sydney. Mwishoni mwa karne ya 19 vituo hivyo vya kujitolea vilikuwa vimepita elfu moja. Watu hao wengi majina yao hayakumbukwi leo, lakini bila ya daftari zao Russell asingekuwa na la kusema.

Msaada mwingine ulikuwa telegrafu, ambayo wazee wetu waliiita simu ya waya. Sydney iliunganishwa na Melbourne mwaka 1858. Mwaka 1872 waya ulivuka bara kutoka Adelaide hadi Darwin, na mwaka 1877 Perth iliyoko magharibi kabisa ikaunganishwa na miji ya mashariki. Hatua hii ya mwisho ina maana kubwa katika habari yetu, kwa sababu hali ya hewa ya kusini mwa Australia hutoka magharibi kwenda mashariki. Aliyekuwa na habari za Perth leo alikuwa anapata tetesi za Sydney za siku chache zijazo.

Tarehe 5 Februari mwaka 1877 wasomaji wa gazeti la Sydney Morning Herald walikuta kitu kipya katika gazeti lao. Ilikuwa ramani ndogo ya sehemu ya Australia, yenye alama za upepo na vipimo vya hewa vya miji mbalimbali. Gazeti la Times la London lilikuwa limeanza kuchapisha ramani ya namna hiyo tarehe 1 Aprili mwaka 1875, hivyo Sydney haikuchelewa hata miaka miwili. Russell alishughulikia mwenyewe namna ya kuigeuza ramani hiyo kuwa bamba la kuchapishia, maana habari za hewa zikichelewa hazimfai mtu.

Huenda msomaji akauliza, ramani hiyo inaonyesha nini hasa? Hewa ina uzito. Mahali inapokandamiza zaidi huitwa eneo la mgandamizo mkubwa, na huko kwa kawaida mbingu huwa safi. Mahali inapokandamiza kidogo huitwa eneo la mgandamizo mdogo, na huko ndiko kwenye mawingu na dhoruba. Upepo hutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo, lakini hauendi moja kwa moja. Kwa sababu dunia inazunguka, upepo hupindishwa. Katika nusu ya kusini ya dunia upepo hulizunguka eneo la mgandamizo mdogo kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Mzunguko huo ndio kimbunga kwa maana yake ya kielimu, ingawa vimbunga vya maeneo ya baridi si sawa na vile vya maeneo ya joto.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunakijua kimbunga cha joto. Tarehe 15 Aprili mwaka 1872, Russell akiwa na miaka miwili tu katika cheo chake, kimbunga kilipiga Unguja, kikaharibu majahazi na meli za Sultani Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho. Pemba ilinusurika, na tokea hapo ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu. Kimbunga cha namna ile hupata nguvu kutokana na joto la bahari. Kimbunga cha maeneo ya kati, kama vile vinavyopita kusini ya Sydney, hupata nguvu pale hewa baridi kutoka upande wa ncha ya dunia inapokutana na hewa ya joto kutoka upande wa ikweta. Hewa hizo mbili hazichanganyiki upesi. Husukumana, na mstari zinapokutana huitwa fronti.

Watu wa Sydney waliujua mstari huo kwa ngozi zao kabla ya wataalamu kuupa jina. Katika miezi ya joto, kuanzia Oktoba hadi Machi, mara nyingi upepo mkavu wa kaskazini magharibi huvuma kutoka bara na mji huwaka kama tanuri. Kisha ghafla bendera hugeuka. Upepo mkali hupiga kutoka kusini, madirisha hugongana, vumbi huruka, na joto huweza kushuka kwa nyuzi kumi na zaidi katika muda wa dakika chache. Wenyeji huuita Southerly Buster. Zamani waliuita pia Brickfielder, kwa vile ulileta mjini vumbi jekundu la viwanja vya kufyatulia matofali vilivyokuwa kusini ya mji.

Kwa mtu aliye nyumbani upepo huo ni nafuu baada ya siku ya joto. Lakini kwa mvuvi aliye ndani ya mashua yenye tanga ni jambo jingine. Bahari huwa shwari, halafu bila ya dalili kubwa, isipokuwa pengine wingu refu lililojiviringisha kama mkeka upande wa kusini, upepo humfikia kwa kishindo. Ndiyo maana kulitazama jambo hili kwa vipimo lilikuwa suala la uhai wa watu.

Russell aliyatazama maelfu ya vipimo na ramani za kila siku kwa miaka mingi, na mwaka 1893 akatoa makala yake maarufu kuhusu mwendo wa maeneo ya mgandamizo mkubwa katika nusu ya kusini ya dunia. Alionyesha kwamba hali ya hewa ya Australia haiendi ovyo. Maeneo ya mgandamizo mkubwa hupita moja baada ya jingine kutoka magharibi kwenda mashariki, kama msafara wa ngamia, takribani 40 kwa mwaka. Kati ya moja na jingine hubaki bonde la mgandamizo mdogo, ambalo kwenye ramani lilionekana kama herufi V iliyopinduliwa. Na ni katika bonde hilo ambamo upepo wa joto hugeuka ghafla kuwa upepo wa baridi wa kusini.

Kwa maneno mengine, Russell alikuwa ameiona fronti katika ramani zake ingawa neno lenyewe halikuwepo bado. Lilikuja kutumiwa huko Bergen, Norway, na wataalamu waliomzunguka Vilhelm Bjerknes, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Wao walifananisha kukutana kwa hewa baridi na hewa ya joto na majeshi mawili yaliyopangana kwenye mstari wa mapambano. Makala ya Jacob Bjerknes, mwanawe Vilhelm, ya mwaka 1919 ndiyo iliyoeleza vizuri umbile la kimbunga chenye mistari hiyo. Wakati huo Russell alikuwa amekwisha kufariki dunia.

Aidha Russell alikuwa na desturi ya kuwapa nafasi vijana. Mmoja wao, Henry Ambrose Hunt, aliyefanya kazi chini yake katika kituo cha Sydney, aliandika mwaka 1894 insha juu ya Southerly Buster iliyoshinda zawadi iliyotolewa na mtaalamu wa Uingereza, Ralph Abercromby. Hunt alieleza jinsi upepo huo unavyokuja na unavyopanda pwani. Leo tunafahamu kwamba safu ya milima iliyo sambamba na pwani ina sehemu katika jambo hilo. Hewa baridi ni nzito, hushindwa kuivuka milima, basi hubanwa kati ya mlima na bahari na kukimbia kuelekea kaskazini kwa kasi zaidi.

Kazi ya Russell haikuishia kwenye upepo. Tarehe 9 Desemba mwaka 1874 sayari ya Zuhura ilipita mbele ya jua, na yeye alipanga vikundi vya waangalizi katika sehemu nne za New South Wales. Alipiga picha za nyota, na baada ya mkutano wa Paris wa mwaka 1887 aliingiza Sydney katika mpango wa mataifa mbalimbali wa kupiga picha za mbingu yote. Aliwapa manahodha chupa za kutupa baharini zenye karatasi ndani yake, ili zikiokotwa ijulikane mkondo wa maji umezipeleka wapi. Mwaka 1879 alitoa hoja kwamba mvua inyeshayo katika bonde la mto Darling ni nyingi mno kuliko maji yanayopita mtoni, hivyo sehemu kubwa lazima inazama chini ya ardhi. Visima virefu vilivyochimbwa baadaye katika nchi kavu vilithibitisha kwamba maji mengi yamo chini. Mwaka 1886 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Hata hivyo, tusimsifu mtu kupita kiasi. Russell alikuwa na imani moja aliyoishikilia kwa miaka mingi, nayo ni kwamba miaka mizuri na miaka ya ukame hurudi kila baada ya miaka 19, kwa kufuata mwendo wa mwezi. Alikusanya mifano kutoka Australia na nchi nyingine kuitetea. Wakulima walitamani sana jambo hilo liwe kweli, hasa katika ukame mkubwa uliodumu kuanzia mwaka 1895 hadi 1903 na kuua mamilioni ya kondoo. Lakini vipimo vya baadaye havikuikubali hesabu hiyo. Elimu ya leo inautazama zaidi mwenendo wa joto la bahari ya Pasifiki, yaani El Niño, ambayo mara nyingi huleta ukame mashariki mwa Australia na mvua nyingi kwetu Afrika Mashariki, kama tulivyoona mwaka 1997 na 1998. Mwezi hauna lawama.

Jambo jingine lililomsumbua ni mgawanyiko wa makoloni. Mwaka 1879 wakuu wa vituo vya hali ya hewa walikutana Sydney, wakakubaliana kutumia vyombo vya namna moja na kubadilishana habari. Makubaliano hayo yalisaidia, lakini kuanzia mwaka 1887 Clement Wragge wa Brisbane alianza kutoa utabiri wa Australia nzima, pamoja na Sydney, bila ya kuwangoja wenzake. Wragge alikuwa hodari na ndiye anayekumbukwa kwa kuzipa dhoruba majina ya watu. Wenzake hawakupendezwa. Upepo ulikuwa unavuka mipaka bila ya ruhusa, na watu waliokuwa wakiupima walikuwa bado wanagombania nani aseme.

Mwaka 1901 makoloni yaliungana kuwa nchi moja. Mwaka 1903 Russell aliugua sana, na mwaka 1905 akastaafu. Mwaka 1906 bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuunda idara moja ya hali ya hewa, na mkuu wa kwanza akawa Henry Hunt, yule kijana aliyelelewa na Russell. Russell alifariki dunia mjini Sydney tarehe 22 Februari mwaka 1907. Idara hiyo ilianza kazi rasmi tarehe 1 Januari mwaka 1908. Mwalimu hakuiona, lakini ilianza na ramani zake, daftari zake na mwanafunzi wake.

Miaka mia moja baada ya kifo chake, tarehe 8 Juni mwaka 2007, kimbunga cha aina hii hii kiliipiga pwani ya Newcastle, karibu na alikozaliwa. Meli kubwa ya makaa ya mawe, Pasha Bulker, ilisukumwa na upepo mpaka ikapanda ufukweni. Tofauti na siku za Cawarra, mabaharia wote 22 waliokolewa kwa helikopta. Hata hivyo huko nchi kavu mafuriko yaliua watu kadhaa. Kabla ya hapo, mwezi Desemba mwaka 1998, dhoruba ya mgandamizo mdogo ilizikuta mashua za mashindano ya kutoka Sydney hadi Hobart. Mashua 115 zilianza safari, 44 tu zikafika, tano zikazama na watu sita wakafa. Onyo lilikuwa limetolewa muda mfupi baada ya mashua kuondoka. Kwa hiyo utabiri peke yake hautoshi. Lazima umfikie mtu mapema, na yeye aukubali.

Na sisi je? Karibu na ikweta hatuna fronti kama za Sydney, kwa sababu hewa yetu haitofautiani sana kwa joto, na nguvu ya kupindisha upepo ni ndogo. Lakini ile kusi yetu inayovuma tokea Aprili, iliyoendesha majahazi ya babu zetu kuelekea Arabuni na Bara Hindi, hutoka katika eneo la mgandamizo mkubwa lililoko kusini ya Bahari ya Hindi. Eneo hilo limo katika ukanda ule ule aliouchunguza Russell. Mvuvi wa Pemba na mvuvi wa Sydney, kila mmoja anautazama upepo wa kusini kwa hofu na matumaini yake.

Kile kituo cha falaki bado kipo juu ya kilima chake na tangu mwaka 1982 kimefanywa makumbusho. Tunadhani somo kubwa la maisha ya Russell ni wale watu wa vijijini waliokubali kuamka kila asubuhi kupima mvua bila ya malipo, na mtu mmoja aliyeona thamani ya kila tarakimu waliyomletea. Katika nchi zetu nyingi vituo vya kupimia mvua ni vichache, na baadhi ya vilivyokuwepo vimekufa kwa kukosa mtu wa kuviangalia. Mwalimu wa shule mwenye chombo cha mvua na daftari anaweza kuanza kesho.